Ruta Iliyopona Kila Fundi Alipoingia

Itangazwe kwa kila mwenye masikio, na mwenye vipokea sauti masikioni avitoe kwanza: katika mtaa mmoja wenye lami nusu na mashimo nusu anaishi bwana aliyelimaliza tatizo lililowashinda wahandisi wanane, kitengo kizima cha huduma kwa wateja, na yule dada wa kwenye simu asiyechoka kusema "tafadhali endelea kusubiri". Bwana huyu hana shahada ukutani. Hana kiti cha kuzunguka. Ana pikipiki inayowaka kwa teke la tatu, mkoba wa begani uliopauka, na bisibisi yenye mpini mwekundu. Waliokaa wasimame. Waliosimama wapandishe suruali. Anapita.

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, limelala kwa amani kwenye kitambulisho, na hakuna anayelisumbua. Kazini, mtaani, hata ukweni, anaitwa Taa-Gani. Ni fundi wa intaneti za majumbani. Ukimpigia simu unalia kwamba waifai imekufa, watoto wamenuna, na tamthilia imekatika mama mkwe akiwa ameinua mkono kupiga kofi, yeye hakupi pole. Anauliza: "Taa gani inawaka?" Ukimwambia ya kijani, anasema, "Mh." Ukimwambia nyekundu, anasema, "Aa." Ukimwambia hujui, jua yuko njiani.

Tabia hiyo imemganda mpaka nyumbani. Jumapili moja mchana mkewe alimwambia, "Baba watoto, nasikia homa, kichwa kinagonga." Taa-Gani, macho yakiwa kwenye gazeti, akauliza, "Taa gani inawaka?" Mkewe alimrushia mto, halafu kandambili, halafu homa ikamwisha kwa hasira.

Alianza kazi enzi za simu za waya, kijana mwembamba wa kupanda nguzo kwa mkanda kiunoni. Kwa miaka kumi na tisa aliuona mji kutoka juu: paa zilizotoboka, nguo za watu kwenye kamba, na wake kwa waume waliokuwa wakidanganyana kwa simu huku yeye akining'inia juu ya mazungumzo yao na koleo mkononi. Siku simu za waya zilipokata roho, kampuni iliwakusanya mafundi ukumbini, ikawapa soda moja moja, ikawaambia wamekuwa sehemu ya historia. Wenzake walitoka na majonzi. Yeye alitoka na bisibisi.

Kampuni ya intaneti ilipomwita kwenye usaili, kijana mmoja mwenye viatu vyeupe alimpa ruta aishike na kumwuliza kama anajua ni nini. Taa-Gani akaigeuza, akaipulizia vumbi, akasema, "Redio iliyonyimwa nyimbo." Walicheka dakika nzima. Wakamwajiri.

Tangu hapo ameona mengi. Ameona bwana aliyeiweka ruta kwenye friji, kati ya maziwa na nyanya, kwa sababu ilikuwa "inachemka sana, masikini". Ameona mama aliyeificha ndani ya sufuria kubwa, mfuniko juu, ili wageni wasiunganishe simu zao bila kuomba. Ameona mwalimu mstaafu aliyekuwa akiizima kila baada ya dakika arobaini ipate mapumziko, halafu anagonga kengele na kuiwasha. Nyumba zote hizo alizitibu na kuondoka akipiga mluzi. Nyumba iliyomtia adabu ni ya Mama Foronya.

Mama Foronya ni fundi cherehani. Anashona mapazia, mashuka na vifuniko vya makochi, na jina hilo alipachikwa kwa ugonjwa wake mmoja: hawezi kuona kitu kikikaa bila nguo. Sebuleni kwake televisheni ina foronya. Friji ina foronya. Rimoti ina foronya ya nailoni yenye mshono mdogo kiasi kwamba ukibonyeza namba tano unapata na nane. Mtungi wa gesi umevalishwa sketi ya marinda matatu, na ndoo ya maji ya kunywa ina kilemba. Mgeni akikaa hapo muda mrefu huanza kujiangalia kama naye amevaa vya kutosha.

Anaishi na binti yake, ambaye humwita Profesa ingawa uprofesa wenyewe bado uko mbali. Binti alikuwa amekalia tasnifu moja kwa miaka saba: *Mienendo ya Unyevunyevu katika Maghala ya Mahindi*, kurasa mia tatu na kumi na mbili. Wasimamizi wake wawili walikuwa hawasalimiani. Mmoja alikuwa akiandika pembeni "fupisha", mwingine "refusha", na mara moja waliandika hivyo kwenye sentensi ileile. Alivumilia. Alizeeka kidogo. Hatimaye chuo kikampangia siku ya kuitetea tasnifu yake kwa njia ya video, saa nne kamili asubuhi, mbele ya jopo la watahini watatu. Barua ilikuwa na sharti moja lililopigiwa mstari: mtahiniwa akikatika hewani kwa zaidi ya dakika kumi na tano, atahesabiwa hakutokea, na atasubiri mwaka mwingine.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, intaneti ya nyumba ile ilianza vituko.

Ingekuwa kwingine, binti angetumia data za simu. Lakini nyumba yao iko bondeni nyuma ya kinu cha nafaka kirefu, na mtandao wa simu unapatikana dirishani tu, ukiegemea nondo na kuinua mkono. Huwezi kutetea maghala ukiwa katika mkao huo. Basi akampigia Taa-Gani.

"Taa gani inawaka?"

"Subiri. Mama! Fundi anauliza taa gani inawaka!"

Sebuleni stuli ikaburutwa. Halafu sauti ya Mama Foronya: "Ya kijani! Zote za kijani!"

"Eh! Imerudi!" binti akapiga kelele chumbani kwake. "Fundi, imerudi! Umefanyaje?"

"Nimeuliza tu," akasema Taa-Gani.

"Umeuliza tu, ikarudi?"

"Inatokea."

Stuli ikaburutwa tena, ikirudishwa mahali pake. "Fundi," binti akasema taratibu, "imeondoka."

Mchezo huo ulirudiwa mara tatu siku hiyohiyo: akiuliza inarudi, akinyamaza inaondoka. Taa-Gani hakuwa mtu wa kujiona, lakini jioni ile aliinong'oneza pasi ya mkewe iliyoharibika, ili kuona tu. Haikuwaka.

Kesho yake alikwenda mwenyewe. Mama Foronya alimpokea mlangoni kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kochi lenye vifuniko viwili, cha kazi na cha wageni. Ruta ilikuwa palepale alipoiweka mwenyewe mwaka uliopita, juu ya kabati la vyombo, mahali palipoinuka, na taa zake zikimetameta kama meno ya mgombea wa uchaguzi. Alipima. Ilikuwa safi. Chumbani kwa binti, safi. Jikoni, safi. Hata chooni, ambako hakuna aliyelalamika, safi kupindukia.

Akiwa juu ya stuli aliitazama sebule yote iliyovishwa, kuanzia televisheni hadi ndoo, akashukuru kimoyomoyo kwamba ruta peke yake ndiyo iliyosalimika. Alibadilisha waya ili asionekane amekuja kuangalia tu, akaondoka. Kabla hajapita kinu cha nafaka, simu ikaita.

"Fundi, imekufa."

Safari ya pili aliwashuku majirani, kwamba ruta zao zinapigana vikumbo hewani na hii. Akaihamishia kwenye masafa mengine. Ikafanya kazi vizuri mno. Akaondoka, ikafa. Safari ya tatu alikuja na ruta mpya kabisa, akamwonyesha binti jinsi taa zinavyowaka, wakapeana tano. Alipofika njia kuu, ikafa.

Ofisini wahandisi wanane walikaa kwenye viti vyao vya kuzunguka, wakatazama skrini, na mkubwa wao akatoa tamko: "Kwetu huku inaonyesha iko sawa." Tamko hilo, Taa-Gani alijisemea, ndilo ambalo daktari mbaya humwambia maiti.

Alianza kukosa raha. Mkewe alimkuta anaongea peke yake huku akipiga mswaki. "Inaniogopa," alikuwa akisema na povu mdomoni. "Nikiwepo inajifanya nzima. Nikitoka tu, inazirai."

"Basi hamia huko," mkewe akasema. "Nitakuletea nguo."

Siku ya utetezi ikafika. Saa mbili asubuhi, bila kuitwa na mtu, Taa-Gani aliwasha pikipiki: teke la kwanza, la pili, la tatu, ikakohoa, ikaenda. Alipokata kona ya kinu, mlio wake ulikuwa umeshatangulia nyumbani kwa Mama Foronya, na Mama Foronya alikuwa ameshashuka kwenye stuli na kusimama mlangoni akijipangusa mikono.

"Karibu, Fundi. Leo ndiyo leo."

"Leo ndiyo leo, Mama. Inaendeleaje?"

"Asubuhi ilikuwa mahututi. Sasa umeingia, imefufuka."

Binti alitokea akiwa amevaa koti la suti na blauzi nyeupe juu, na chini suruali ya kulalia yenye picha za ndizi, maana watahini wangemwona kuanzia kifuani. Mkononi alikuwa na karatasi zilizoloa jasho. "Fundi," akasema, "miaka saba. Nimeposwa nikakataa, nikasema nimalize kwanza. Aliyenichumbia ana watoto watatu sasa. Ikikatika leo, nitaingia kwenye hilo ghala la mahindi na nitajifungia humo."

"Haikatiki," akasema Taa-Gani, akitumia sauti ya mtu ambaye hajui.

Alivua viatu akapanda stuli. Alifungua kifuniko cha soketi ya ukutani kwa ile bisibisi, akakaza kila kilicholegea na vichache ambavyo havikulegea. Alizima maikrowevu, akachomoa friji ("Foronya yake usiivute!" Mama Foronya akamaka), akazungukia nje kukagua waya kutoka ukutani hadi kwenye nguzo. Alimwuliza jirani wa kulia kama ana mashine yoyote ngeni. Jirani akasema ana mume. Alirudi ndani, akapima kila chumba mara mbili. Saa tatu na nusu kila kitu kilikuwa salama, tena kwa namna ya kuudhi.

"Kaa hapahapa," binti akambembeleza. "Wewe ukiwepo haifi."

Alitaka. Lakini mtaa wa tatu kulikuwa na zahanati ambayo kompyuta yake ya mapokezi ilikuwa imezimika tangu jana, na wagonjwa walikuwa wamepangwa foleni kwa kumbukumbu ya nesi. "Naenda, narudi," akasema. "Usiogope, Profesa." Akavaa viatu, akaondoka.

Zahanati ilikuwa imejaa. Taa-Gani alipiga magoti nyuma ya meza ya mapokezi, akatia mkono mfukoni kuchukua bisibisi. Mfuko ulikuwa mtupu. Akatafuta mfuko wa pili, wa shati, mkoba, soksi, kwa sababu kuna siku aliikuta kwenye soksi. Hakuna. Akashtuka kama mtu aliyegundua amemwacha mtoto sokoni. Bisibisi ile ilikuwa imepanda nguzo pamoja naye. Ilikuwa imemsaidia kufungulia soda ya siku ya kuwa historia.

"Nina kisu cha mkate," nesi akasema.

"Dada yangu, usinitukane," akasema Taa-Gani, na mbio hadi kwenye pikipiki. Haraka hiyo ikampa mkosi: pikipiki ikagoma. Teke la tatu, la nne, la saba. Akaiacha hapohapo, akakimbia kwa miguu mitaa mitatu, mkoba ukimpiga makalio kila hatua kana kwamba unamharakisha. Na kwa sababu hakuwa na pikipiki, hakuna mlio uliotangulia.

Huku nyumbani saa nne ilikuwa imetimia. Jopo lilitokea kwenye skrini: mwenyekiti mwenye ndevu na rafu ya vitabu nyuma yake, mtahini wa pili aliyeonekana paji la uso na feni ya darini tu, na wa tatu aliyeongea kwa hisia kali dakika nne nzima akiwa amezima kipaza sauti, na wote wakatikisa kichwa kumwonyesha wamemwelewa. Halafu mwenyekiti akaegemea mbele.

"Tuambie, mtahiniwa. Kwa ufupi. Kwa nini ghala likifunikwa sana, nafaka ya ndani huharibika?"

Swali lilikuwa embe dodo lililodondoka lenyewe kiganjani. Binti alikuwa amelijibu kwa kurasa mia tatu na kumi na mbili. Akavuta pumzi, akatabasamu, akafungua mdomo, na uso wa mwenyekiti ukaganda, ndevu zikageuka miraba midogo, feni ya mtahini wa pili ikasimama, na skrini ikaandika kwamba hakuna mtandao.

Mayowe aliyopiga yalivuka ukuta. Jirani wa kulia akamwambia mumewe, "Nadhani amefaulu."

Dakika ya kwanza alizima na kuwasha laptopu. Dakika ya tatu alining'inia dirishani na simu, mkono juu, mguu mmoja kitandani. Dakika ya tano ujumbe ukapenya kutoka kwa katibu wa jopo: *Tunakusubiri. Zimebaki dakika kumi.* Dakika ya saba alikuwa amekaa sakafuni sebuleni kwa suruali yake ya ndizi, amekumbatia mtungi wa gesi kwenye marinda yake, akilia. Mama Foronya alizunguka akimpepea kwa kipande cha pazia, akisema, "Profesa, usilie, utaharibu kola."

Hapo ndipo Taa-Gani aliposukuma mlango, ulimi nje, shati limemganda mgongoni.

"Mungu ni mwema!" binti akaruka. "Fundi, umejuaje? Imekufa! Zimebaki dakika nane!"

"Mimi..." Taa-Gani akahema. "Nimefuata... nimeacha..." Hakuweza kumaliza. Akaielekeza mikono juu ya kabati, kwa maana ya bisibisi. Wao wakaelewa anaelekeza kwenye ruta.

Alipanda stuli na viatu vyake, kosa ambalo siku nyingine lingemfukuzisha. Jasho lilikuwa limemwingia machoni, kwa hiyo alipapasa tu juu ya kabati akitafuta mpini. Mkono ukaangukia kitu laini. Kinene. Chenye sponji. Chenye joto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Akakipapasa kutoka juu hadi chini, akagusa zipu, kifungo, na kamba ndogo iliyofungwa kipepeo.

"Mama," akasema, macho bado yamefumbwa, "hiki nini?"

"Kipi?"

"Hiki kilicholala huku juu."

"Si ruta hiyo?"

"Imefanyaje?"

"Imevaa," akasema Mama Foronya.

Taa-Gani akafuta macho. Mbele yake, pale alipoacha ruta muda mfupi uliopita, palikuwa na koti. Hakuna neno jingine. Koti la kitambaa cha maua kwa nje, lililojazwa sponji, lenye kola, na tundu dogo nyuma kwa ajili ya waya. Akafungua zipu kidogo akachungulia. Kwa ndani, kuanzia shingo hadi pindo, lilikuwa na bitana ya kitambaa cha fedha kinachong'aa, kile kinachovishwa meza za kupigia pasi.

Akaliinua.

"Kuna mtandao!" binti akapiga kelele, simu mkononi.

Akalirudisha.

Zikapita sekunde chache. "Hakuna!"

Akaliinua. "Kuna!" Akalirudisha. "Hakuna! Fundi, unafanya nini?" Akaliinua tena, akalishusha tena, akaliinua, huku uso wake ukianza kukunjuka tabasamu la mtu aliyekuwa amepotelewa na akili akaikuta mfukoni. "Kuna! Hakuna! Kuna! Fundi, basi, acha juu! Acha juu!"

Akalivuta lote. Bisibisi yake ya mpini mwekundu ikadondoka kutoka ndani, ikamgonga kwenye kidole cha mguu, na akaibusu hivyohivyo.

"Mama Foronya," akasema kutoka juu ya stuli, koti mkononi kama mwendesha mnada, "hili limeanza lini kuvaliwa?"

"Wiki tatu hizi. Lile la zamani lilikuwa jepesi, la pamba. Nilishika ruta nikaiona ya moto. Mimi najua mambo ya moto, nimemshonea dobi vifuniko arobaini vya meza za pasi. Kitambaa hiki hakishindwi na joto. Nikasema nayo niikinge."

"Umeikinga mpaka humo ndani hakitoki kitu! Joto halitoki, mawimbi hayatoki! Na mimi mbona sijawahi kuliona?"

Mama Foronya alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayeuliza mlango uko wapi akiwa ameshika kitasa. "Fundi. Ukienda hospitali, daktari anakupima na koti?"

"La."

"Basi. Nikisikia pikipiki yako naivua. Ukiondoka naivalisha, isije ikapigwa na vumbi; leo nimechelewa tu kwa kukaza kifungo cha koti la Profesa. Hata nikiulizwa taa gani inawaka, nafunua, natazama, nafunika. Mimi si mtu wa kumwaibisha mgonjwa."

"Na wewe Profesa!" Taa-Gani akamgeukia binti. "Umeishi humu wiki tatu. Hukuona ruta imevaa koti?"

Binti alikuwa amesimama katikati ya sebule, ametazama televisheni yenye foronya, friji yenye foronya, ndoo yenye kilemba. "Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "mimi mwenyewe nilikuwa na foronya ya daftari, ya kalamu, na ya mswaki. Nitaanzia wapi kuona?" Kisha macho yakamtoka. "Kurasa mia tatu! Nimeandika kurasa mia tatu kwamba kitu kikifunikwa sana hakipumui!"

"Zimebaki dakika tatu," akasema Taa-Gani.

Alikimbia chumbani ndizi zikipepea.

Aliingia hewani zikiwa zimebaki dakika mbili. Mlango ulibaki wazi, na mafundi wawili wakabaki sebuleni wakisikiliza, mmoja akiwa amekumbatia bisibisi, mwingine amekumbatia koti. Na binti aliongea, jamani. Yale aliyoyaandika kwa lugha ya joho na tai aliyamwaga kwa lugha ya mtu aliyetoka kuyaona kwa macho. Alisema ghala ni kama kitu chenye homa: ukilifunika blanketi kwa mapenzi, unaliua kwa mapenzi. Alisema hatari haiko kwa mtu mzembe, iko kwa mtu anayejali kupita kiasi na anayejua kushona. Mtahini wa pili alishusha kamera yake kwa mara ya kwanza, ikabainika ana uso. Wa tatu aliwasha kipaza sauti na kusema, "Safi sana," kisha akazima tena.

"Amenisema mimi," Mama Foronya akanong'ona.

"Amekusema vizuri," Taa-Gani akajibu.

"Lakini sasa itakaa uchi?"

"Itakaa uchi."

"Hata kitambaa cha wavu?"

Taa-Gani alifikiri. Aliiangalia ruta iliyokuwa ikimetameta juu ya kabati, imepoa, haina haya. "Wavu mwembamba," akasema. "Bila bitana." Mama Foronya alikuwa ameshatoa futi ya kupimia shingoni.

Saa tano na robo mwenyekiti akatangaza kwamba jopo limeridhika, na kwamba mtahiniwa amefaulu, isipokuwa afupishe sura ya nne na airefushe. Mayowe yalipasuka upya. Mama Foronya alitupa futi hewani, akamkumbatia Taa-Gani, akamwachia kwa aibu, akakumbatia friji. Jirani wa kulia akagonga ukuta akiuliza kama amefaulu tena. Binti alitoka chumbani amebeba laptopu juu ya viganja viwili, akilia na kucheka, akaielekeza kwa Taa-Gani aliyekuwa amesimama kando ya stuli.

"Waheshimiwa, huyu ndiye! Wahandisi wanane wameshindwa wiki tatu na mtandao unaopona kila fundi akiingia na kufa kila akitoka. Yeye ameingia mbio kutoka huko aliko, bila kuitwa na mtu, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye tatizo. Hata hakutazama! Alifumba macho!"

Mwenyekiti alisogeza ndevu zake karibu na kamera. Alivaa miwani, akavua, akavaa ya pili. "Bwana Fundi," akasema kwa sauti ya ukumbi mkubwa, "nimefundisha mbinu za utafiti kwa miaka thelathini na moja. Nimeandika juu yake vitabu vinne, na viwili vimesomwa. Nawaona wanafunzi wakikusanya data miaka mingi na kuambulia patupu. Wewe ulikuwa na tatizo linalotoweka kila mtafiti anapolikaribia! Hilo, kisayansi, ni gumu kuliko yote. Tungependa kujifunza. Hebu tueleze, taratibu, hatua kwa hatua, tuandike: ulitumia mbinu gani?"

Mtahini wa pili alichukua kalamu. Wa tatu aliwasha kipaza sauti ili asipitwe. "Simama wima," Mama Foronya akamnong'oneza fundi, akimnyoosha kola.

Taa-Gani akasimama wima. Akazikumbuka nguzo, miaka kumi na tisa ya upepo, soda ya kuagwa, na wahandisi wanane kwenye viti vyao. Akakohoa kusafisha koo.

"Nilisahau bisibisi," akasema.